Redio ya mkononi ya baharini baada ya karibu miaka miwili: ukiwa na boti nunua, kama ni ya nchi kavu iache tu dukani

Wakuu nianze na kosa langu mwenyewe maana ndo limenifanya niandike hii riviu. Hizi redio sikuzinunua kwa ajili ya bahari. Nilinunua mbili kwa mpigo kwa ajili ya kikundi chetu cha kupanda milima, tulikuwa tumechoka na simu kupoteza mtandao kila tukishuka bondeni, na muuzaji akanipa maneno matamu kweli, yan wati 5, haiingizi maji, ikidondoka majini inaelea, betri inakaa siku nzima, afu akamalizia na lile lililonimaliza, "hii haina mambo ya leseni kaka, unachaji, unabonyeza, unaongea". Nikalinganisha na wokitoki zetu za zamani za nusu wati nikaona hapa nimepata mtambo wa jeshi. Nikalipa hapohapo. Boti sina, ila nina rafiki mwenye boti, na ni yeye aliyeziokoa zisiishie kwenye droo.

Brendi sitaitaja na haina haja, maana za daraja hili karibu zote ni ndugu: VHF (aina ya mawimbi ya redio) ya baharini ya kushika mkononi, ina nguvu mbili, wati 1 na wati 5 (nyingine 6), chaneli zote za baharini zimeshapangwa ndani na kiwanda, wewe huwezi kujiwekea frikwensi zako. Zinafanya kazi kuanzia kama megahezi 156 mpaka 162 hivi. Yangu ni ile ya kawaida, na ile ya mwenzangu ina GPS ndani na kitufe chekundu cha dharura chenye kifuniko, nitakirudia hicho kitufe maana kina kesi yake.

Ukiishika ni nene kuliko ulivyozoea, na unene wenyewe una sababu, lazima iwe na hewa ya kutosha ndani ndo ielee. Kuna kitufe cha 16 kimekaa peke yake, unakibonyeza mara moja popote ulipo inakurudisha chaneli 16, megahezi 156.800, ile ya kuita na ya dharura. Hicho ndo kitufe nilichokipenda kuliko vyote, hata kidole kikiwa na ganzi ya baridi hukikosi. Cha kubadilisha nguvu kwa upande mwingine wamekiweka jirani kabisa na cha skani, na vidole vikilowa unabonyeza kimoja ukidhani ni kingine, mara ngapi nimejikuta redio inazunguka chaneli zote wakati nilitaka tu kupandisha wati. Ikiingia maji kwenye spika kuna mchezo wa kubonyeza vitufe viwili pamoja, inatetemeka inatema maji yenyewe. Mara ya kwanza nilicheka, sasa hivi naona ni kitu cha maana sana.

Kwenye betri msidanganyike na namba ya kwenye boksi. Wakiandika masaa 11 wanahesabu hivi: asilimia 5 ya muda unaongea, asilimia 5 unasikiliza mtu, asilimia 90 imekaa kimya tu inasubiri. Sasa mpe mtu anayependa stori aiweke kwenye wati 5 uone, kabla ya mchana imeshaanza kulia kuomba chaji.

Haya, tuje kwenye majaribio ya nchi kavu. Siku ya kwanza tumesimama uwanjani mimi na mwenzangu, mita kumi kati yetu, nikachagua chaneli 25 kwa sababu tu ilikuwa kimya. Nabonyeza, taa ya kurusha inawaka, naongea, kwake hamna kitu. Anabonyeza yeye, kwangu hamna kitu. Tukabadilishana redio, vilevile. Nilishaanza kutafuta risiti nizirudishe. Kumbe hazina ubovu wowote, chaneli kama hiyo ina frikwensi mbili, chombo kinarusha kwenye 157.250 na kinasikiliza kwenye 161.850, na kituo cha pwani kinafanya kinyume chake. Zilitengenezwa hivyo enzi meli inaunganishwa na simu ya nchi kavu kupitia kituo cha pwani. Kwaiyo redio mbili za mkononi kwenye chaneli ya aina hiyo ni kama watu wawili waliopigiana simu wakashika wote upande wa kuongelea, hakuna wa upande wa kusikilizia. Muuzaji hakulijua hili na sidhani kama ameshalijua mpaka leo. Tukahamia 72, ambayo ina frikwensi moja na ni ya chombo kwa chombo, zikaanza kusikilizana vizuri kabisa, sauti safi, tukashangilia.

Furaha ilidumu mpaka tulipoingia msituni. Mimi nimetangulia, mwenzangu yuko nyuma na wanaotembea taratibu, kilometa moja na nusu hivi na kona ya mlima katikati, nikawa nasikia mikwaruzo na vipande vya maneno, "...meingia...uku...jani". Wati 5 zote zile. Hapa ndo niligundua wati sio mchezo wote. VHF inaenda moja kwa moja kama macho, kinachoona kinafika, kisichoona kinasumbua. Baharini hakuna kitu katikati, watu wawili wameshika redio usawa wa kifua wana kama kilometa 10 za kinadharia kabla dunia haijajikunja kati yao. Msituni na mabondeni zile kilometa 10 sahau. Afu urefu wa wimbi lenyewe ni kama mita 2, antena ya robo wimbi ingetakiwa ikaribie nusu mita, ya kwangu ni fupi kama kalamu ya risasi, kwaiyo sehemu ya zile wati zako inaishia humohumo mkononi. Ndani ya majengo wokitoki za UHF (mawimbi mafupi zaidi ya haya) mara nyingi zinapenya vizuri kuliko hii, na bei yake haifikii hapa.

Sasa sikilizeni ya kileleni. Tumefika juu, tumekaa kwenye mawe, bahari inaonekana kwa mbali kama kanga ya bluu imeanikwa. Wengine wako chini kidogo na redio ya pili. Nikaanza kuuliza nani kabeba maji, nani ana mkate, mwenzangu naye akaleta utani wa nani kachoka, tumeendelea hivyo kama robo saa, wati 5, chaneli 72. Nilipoachia kitufe ikaingia sauti ya mtu mzima, nzito, imetulia.

"Kituo kinachoongea chaneli 72, wewe ni chombo gani, ovaa."

Nikatazamana na wenzangu. Nikabonyeza. "Eeh shikamoo, hapa sio chombo, tuko mlimani huku, ovaa."

Kimya cha muda. Afu, "Mlimani?"

"Ndio mzee, tunapanda mlima."

"Kijana, mwenzangu anavuta boti iliyozima injini, robo saa nzima namtafuta nasikia habari za mkate wako. Hiyo siyo chaneli ya mlima. Zima."

Hakusema hata ovaa. Nikazima.

Nilijisikia vibaya njia nzima ya kushuka, na niliporudi nyumbani nikapiga hesabu ambayo ningetakiwa niipige kabla ya kulipa. Ukiwa juu mita 400 kutoka usawa wa bahari, upeo wako wa redio ni kilometa 80 na ushee, ongeza antena ya boti iliyo juu mita 4 unapata kama 90. Yan mimi na mkate wangu tulikuwa tunasikika kwenye eneo la bahari ambalo boti yenyewe haiwezi hata kuota kulifikia kwa redio ya mkononi. Na hizi redio ni FM, namna ya kubebesha sauti kwenye mawimbi, na FM ina tabia moja mbaya, ukiwa na watu wawili wanarusha kwa pamoja husikii sauti mbili zimechanganyikana kama chumbani, yule mwenye nguvu zaidi kwenye antena yako anammeza mwenzake mzimamzima, ni kama hayupo. Mwenzake yule mzee alikuwa na redio kama yangu ila yuko karibu na maji, mimi niko juu ya kilele. Nilimmeza. Na ingekuwa chaneli 16 ningemmeza mtu anayezama.

Ndo maana nikisikia mtu anasema sheria za leseni ni njaa tu ya serikali huwa nasita. Kuna njaa kweli sehemu nyingine, ila hii sio.

Baada ya hapo nilikaa nikasoma, na nitawaeleza nilivyoelewa maana neno "leseni" hapa linachanganya vitu vitatu tofauti na wauzaji wanafaidika na mchanganyiko huo. Kuna kibali cha mtambo wenyewe, kwamba umepimwa na unaruhusiwa kutumika kwenye bendi ile. Kuna leseni ya kituo, kwamba chombo hiki au sehemu hii inaruhusiwa kurusha. Na kuna cheti cha mtu, kwamba wewe unayeshika kitufe umefundishwa. Mtu akikwambia "haina leseni" muulize anasema ipi kati ya hizo tatu. Msingi wake uko kwenye kanuni za kimataifa za redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kifungu cha 18 kinasema hakuna mtu binafsi anayeruhusiwa kuendesha kituo cha kurusha bila leseni ya serikali ya nchi yake, na jedwali la chaneli hizi za baharini liko kwenye kiambatisho cha 18, ndo maana namba za chaneli zinafanana dunia nzima ukiacha tofauti za hapa na pale kama za Marekani, ambao baadhi ya chaneli za frikwensi mbili wao wanatumia upande mmoja tu. Redio nyingi zina sehemu ya kuchagua USA, INT (ya kimataifa) au Kanada, na ukiiacha kwenye siyo yako utaita kituo mpaka sauti ikauke.

Maneno ya muuzaji wangu chanzo chake naamini ni Marekani, maana riviu nyingi na video nyingi zinatoka huko. Huko tangu sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, boti ya starehe inayotembea kwenye maji ya nchi hiyohiyo na haiendi bandari za nje haihitaji tena leseni ya kituo cha chombo kwa VHF. Ni kweli kabisa. Ila soma tena, ni boti. Ukishuka nayo nchi kavu ruhusa ile inabaki botini. FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, wanasema wazi kutumia redio ya mkononi ya baharini ukiwa nchi kavu unahitaji leseni maalumu ya kituo cha huduma za baharini, na kwamba leseni ya chombo haitoshi. Na hiyo leseni maalumu haitolewi kwa kila anayeomba, kwa kawaida lazima uwe unatoa huduma kwa vyombo, au unasimamia daraja au njia ya maji, na uonyeshe kwamba una haja ya kuongea kwa redio ya mkononi ukiwa kwenye chombo na ukiwa pwani pia. Ukiwa botini unafuata kanuni za kituo cha chombo, ukikanyaga nchi kavu redio ileile inageuka kituo binafsi cha pwani na unafuata kanuni za huko. Kikundi cha kupanda milima sidhani kama kuna namna ya kukiingiza hapo hata ukiwa na wakili mzuri.

Kuna kipengele kingine kwenye sehemu ya 80 ya kanuni zao nilikipenda, kinakataza kurusha hata ukiwa ndani ya boti kama boti yenyewe iko nchi kavu. Yan boti iko kwenye trela nyuma ya gari, umekaa kwenye usukani, unajisikia nahodha, bado hairuhusiwi. Wameacha nje boti iliyopanda mwamba au fungu kwa dharura, boti iliyopandishwa chelezoni kwa matengenezo, na za serikali zinazofanya uokoaji na mazoezi yake. Inaonyesha walishakutana na kila aina ya mjanja.

Uingereza wao ni tofauti kidogo, hata boti inahitaji leseni ila ukiomba kwa mtandao Ofcom, mamlaka yao ya mawasiliano, hawakutozi kitu. Redio ya mkononi unayohamahama nayo kutoka boti moja kwenda nyingine ina leseni yake, unapewa namba inayoanzia na T badala ya jina la mwito la chombo kimoja. Na wewe mwenyewe unatakiwa uwe na cheti cha uendeshaji wa masafa mafupi, au uwe chini ya uangalizi wa mwenye cheti. Nchi kavu ni leseni nyingine, ya kituo cha redio cha pwani, wanaichukua klabu za boti, magati, shule za kufundisha tanga, na kuna chaneli mbili za M na M2 ambazo hizo klabu na magati wanazitumia kwa mambo yao. Kwaiyo ukiona mtu kasimama kwenye gati ameshika redio kama yako anaongea bila wasiwasi usimwige, yeye ana karatasi ofisini.

Wewe uliko kuna mamlaka yako ya mawasiliano, nenda kaulize au soma kwenye tovuti yao, usiende kwa riviu, hata hii yangu.

Swali ninaloulizwa sana ni la mzazi aliyekaa ufukweni na mtoto yuko kwenye kayaki. Mtoto yuko majini, sawa, yuko kwenye chombo. Wewe miguu yako iko kwenye mchanga, wewe ni kituo cha pwani. Najua inaonekana ni ukali wa bure, umbali wenyewe mita mia tatu, nguvu wati 1, nani atakusikia. Mimi pia roho inaniuma kwenye hili, maana ni matumizi ya akili kuliko ule upuuzi wangu wa mkate. Ila ndo kanuni ilivyo na suluhisho lipo, ingia naye majini, au jiunge na klabu yenye leseni ya pwani ukaongee kwa leseni yao, au tumieni wokitoki za kiraia kwenye mfuko usioingiza maji, kwa mita mia tatu zinatosha kabisa.

Na dharura? Hapo kanuni zimelegezwa kwa makusudi, kifungu cha 4 cha hizohizo kanuni za ITU kinasema hakuna kanuni inayozuia kituo kilicho kwenye hatari kutumia njia yoyote ya redio kiliyo nayo kuomba msaada, na anayekisaidia vilevile. Kwaiyo kama umekwama chini ya mwamba pwani na maji yanapanda na ulicho nacho ni hii redio, bonyeza 16 uite mayday, ule mwito wa dharura, hakuna atakayekuuliza leseni. Ila usijipangie kuitumia hivyo bara, huko ndani kilometa 100 kutoka pwani hakuna mtu anasikiliza chaneli 16, utaita miti.

Sasa kile kitufe chekundu. Ile redio yenye GPS inaingizwa namba ya tarakimu 9 inayoitwa MMSI, ni kama namba ya simu na kitambulisho kwa pamoja. Ukifungua kifuniko ukashikilia kitufe kwa sekunde chache, inatuma kwenye chaneli 70 ujumbe wa kidijitali wenye namba yako na mahali ulipo, na itaendelea kuurudia yenyewe kila dakika nne hivi mpaka ijibiwe. Kwa mtu aliye majini hakuna kitu bora kuliko hicho, na ndo sababu moja ningekushauri uongeze hela uchukue yenye GPS. Kwa mtu wa nchi kavu ni bomu. Mwenzangu alinipigia simu siku moja sauti inatetemeka, mtoto wa dada yake amekaa sebuleni anajaribu kufungua kile kifuniko kwa kijiko. Bahati yetu betri ilikuwa kwenye chaja. Fikiria waokoaji wanaanza safari afu GPS inawaonyesha sebule. Marekani kutoa mwito wa dharura wa uongo kwa kukusudia ni kosa la jinai linaloweza kukupa mpaka miaka 6 jela. Mtoto hajakusudia, sawa, lakini maelezo utayatoa wewe.

Kwenye hiyo namba pia kuwa makini siku ya kuiingiza, redio nyingi zinakuruhusu mara moja tu au mbili, ukikosea tarakimu inabidi irudi kwa fundi wa kampuni. Na ukinunua iliyotumika uliza kwanza kama namba ya mwenye nayo wa zamani imefutwa, la sivyo siku ukizama wataanza kumtafuta yeye.

Kuna na hili la kitufe cha kuongelea kubanwa. Mimi limenitokea, redio niliitupa kwenye buti ya gari ikiwa imewaka, juu yake begi, begi likakaa juu ya kitufe. Nimekuja kushtuka nimefika nyumbani, redio ya moto, betri iko mkiani. Ilikuwa 72 tena, na safari hii sijui nani alisikiliza taarabu yangu na maoni yangu kuhusu madereva wenzangu. Nyingine zina saa ya ndani inayokata baada ya dakika tano za kurusha mfululizo, yangu haina au haikufanya kazi. Sasa hivi ikitoka botini nazima na betri naichomoa kabisa.

Kwa nchi kavu basi utumie nini. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo na hazihitaji leseni ya mtu mmojammoja, Ulaya kuna PMR446, nusu wati, chaneli 16, Marekani kuna FRS, chaneli 22, mpaka wati 2. Hakikisha tu za nchi nyingine zinaruhusiwa kwako, maana FRS ya Marekani Ulaya hairuhusiwi, na PMR446 kule Marekani hairuhusiwi pia. Ukitaka umbali zaidi soma mtihani wa redio ya ridhaa (ya wanaorusha kwa kujifurahisha, sio kazi), au kama ni kazi, kampuni iombe frikwensi yake. Kikundi chetu tumerudi kwenye zile za nusu wati na tumebadilisha utaratibu, mtu wa mwisho haachwi akapotea nyuma ya kona, basi. Imesaidia kuliko wati.

Kuna na wajanja wa upande wa pili, wananunua zile redio za bei chee zinazofunguka kila mahali, mfano Baofeng UV-5R inarusha kuanzia 136 mpaka 174, wanazipeleka baharini wakisema mbona 156.800 inaingia. Inaingia ndio, ila haina kibali cha kutumika kama redio ya baharini, haikutengenezwa kuloa, na ikidondoka majini inaenda kusalimia samaki.

Majini sasa, maana nisije nikaonekana naiponda. Kwenye boti ya rafiki yangu hii redio ni mtu mwingine kabisa. Mara ya kwanza tumeomba kupimwa sauti, sio kwenye 16 bali kwenye chaneli ya gati, wametujibu safi tukiwa kama kilometa 20, sababu antena yao iko juu mnarani. Kati ya boti na boti ndogo mimi nahesabu kilometa 5 mpaka 8, zaidi ya hapo ni bahati. Siku moja imeniponyoka nikiwa nafunga kamba jioni giza linaingia, imezama kidogo ikaibuka, taa yake ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe, tumeikuta inanesanesa pembeni ya boya kama inatuita. Nikaipangusa nikabonyeza 16, inapiga kazi. IPX7, kiwango chake cha kuzuia maji, maana yake mita 1 ya maji kwa dakika 30, haikai hata humo kwa vile inaelea, lakini kile kifuniko cha mpira cha sehemu ya chaja ukisahau kukibana hiyo namba haikusaidii.

Kasoro nazo zipo. Klipu ya mkanda imevunjika mwezi wa nne, plastiki nyembamba mno. Pini za chaja zimeshika kutu kwa sababu ya chumvi, na aliyeniuzia alinijibu hiyo haimo kwenye waranti, redio ya baharini isiyolindwa na chumvi ya bahari, nikaondoka zangu. Tangu hapo kila tukirudi naisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, naikausha kwanza ndo naiweka kwenye chaja, na zile pini nazisugua na kifutio cha penseli. Kioo chake juani hukioni vizuri ukivaa miwani ya jua.

Alama zangu: majini 4.5, hiyo nusu imeondoka na klipu. Nchi kavu siipi alama. Ile yenye GPS nimemuuzia rafiki yangu kwa hasara, ameiombea namba yake na imefungwa kwa kamba kwenye jaketi lake la kuokolea. Hii yangu inakaa kwake botini, naikuta hukohuko nikienda. Juzi tulikuwa nje tukasikia kwenye 72 vijana wawili wanabishana nani kachukua chaja ya mwenzake, sauti zao kubwa zimejaa chaneli nzima, mmoja anasema yeye yuko ghorofani. Rafiki yangu akanipa redio akasema haya, wewe ndo unawajua hawa, ongea nao. Nikasubiri waachie kitufe.